Kiraka

Mwaka ule tulipooana, Gisbert,
nilizitupa sigara zako mtoni Fulda,
pakiti tatu, na kiberiti chake.
Ulininunia wiki nzima.

Leo, kabla ya kahawa,
nakubandika nikotini begani
kwa mkono huuhuu.
Huenda kiraka kina dawa, huenda ni kitupu:
daktari naye hajui, ndilo sharti la utafiti.

Kijiko kinagonga kikombe, ti-ti-ti-ti.
Nahesabu. Jana kiligonga zaidi,
au jana sikusikiliza vizuri.

Usiku nakibandua.
Ngozini pamebaki mraba mwekundu.
Umelala. Naunusa kama mwizi,
mimi niliyekuwa nikinusa makoti yako:
haunuki moshi,
haunuki kitu.

Laiti ungenuka moshi.