Nafasi Thelathini

Mvua ya Machi imechelewa Gweri.
Meza yangu ina mguu mmoja mfupi,
nimeukingia kitabu cha risiti cha mwaka juzi,
na juu yake zimelala mia nne na kumi na mbili:
fomu, si watu. Watu wako nje,
wanafuata kivuli cha ukuta;
kikisogea, nao wanasogea.

Serikali imesema: thelathini.
Ushonaji, uchomeleaji, umeme wa jua.
Miezi sita, bure, na cheti chenye muhuri.
Imesema wapewe wasio na kazi,
wapewe wale wa chini kabisa.
Nami nimepewa peni
niwatafute hao wa chini
kwa miraba.

Wa kwanza kufika ni Ebiru, mpwa wa mwenyekiti.
Shati limepigwa pasi, diploma iko ndani ya nailoni.
Kazi? Hana. Na ni kweli, hana.
Simu anayo, kitambulisho anacho,
kila mraba wake umejaa kama debe la karanga.
Sina pa kumkatalia.

Wa sitini na tatu ni Asekenye.
Vumbi jeupe kwenye nyusi,
mtoto mgongoni, nyundo kikapuni.
Kazi ya sasa?
"Navunja mawe, kule mwambani.
Ndoo ya kokoto, shilingi mia tatu."
Peni ikasimama.
Mwongozo, ukurasa wa nne:
mwenye kazi asiandikishwe.

Nilikitazama kidole chake cha shahada,
mahali kucha ilipokuwa.
"Hiyo ni kazi?" nikamuuliza.
Akacheka, bila dharau,
kama mtu aliyeulizwa iwapo maji ni chakula.
"Karani, uliyesoma ni wewe. Niambie."

Nikaandika: HANA.
Tangu niajiriwe sijawahi kusema uongo
ulionyooka kuliko rula.

Hakuondoka.
"Na hiyo miezi sita,
mawe yangu atayavunja nani?
Huyu mgongoni atakula cheti?"
Nikautafuta mraba wa swali hilo,
mbele ya karatasi, nyuma ya karatasi.
Mraba wa dini upo.
Mraba wa namba ya viatu upo,
kwa ajili ya buti ambazo hatujawahi kuziona.
Basi nikaandika pembeni, kwa herufi za sisimizi:
apewe chakula cha mchana,
na mahali pa kumlaza mtoto.

Mashine ya kunakili ya Soroti mjini
hukata pembe za karatasi.
Hilo nalijua.
Mimi ndiye ninayeiwasha.

Penye miti hapana wajenzi, walisema.
Hawakupita Gweri.
Wajenzi hawa hapa, wanahama na kivuli;
miti ndiyo imefungiwa stoo,
na ufunguo nao una fomu yake.

Upepo ukaingia bila kubisha hodi,
Ebiru akaruka, wa arobaini akaruka,
nikawakimbiza thelathini wangu sakafuni
kwa magoti, kama kuku.
Asekenye akarudi kutoka mlangoni,
akatia mkono kikapuni,
akaweka jiwe juu ya rundo.
"Hili sikulipishi."

Orodha ilibandikwa Ijumaa.
Ebiru, namba mbili.
Asekenye, ishirini na tisa.
Nilipita mbele ya ule ubao mara tatu siku ile,
nikijisingizia shughuli.

Wiki ya nne, mwalimu wa ushonaji
ameniletea daftari la mahudhurio.
Mstari wa ishirini na tisa:
tiki, tiki, tiki, tiki,
kisha weupe.
"Hawa watu," akasema, "wavivu. Wanapewa, wanaacha."

Sikumjibu. Dirisha lilikuwa wazi
na upepo ulitoka upande wa mwambani:
ko.
Ko.
Ko.

Jiwe bado liko mezani.
Nimechukua karatasi isiyo na mraba hata mmoja.
Naanzia pembeni.