Tangi Namba Kumi na Nne

Mimi ndiye mpimaji.
Misimu thelathini na mmoja kibandani, Valhargues,
kusini ya Ufaransa, chini ya vilima vya mawe,
trela zikipanda mizani moja moja
zikidondosha maji mekundu, nyigu wakifuata,
nami nikiandika: jina, kilo, sukari.

Zamani foleni ilifika hadi makaburini.
Mwaka huu nimemaliza saa nne asubuhi.

Barua ilisema mvinyo umezidi.
Haikusema wa nani.
Ilisema: ng'oa, kila hekta ina bei yake,
na picha za angani zitahakiki kwamba umeng'oa kweli.

Fulcran Astruc alisaini wa kwanza.
Miaka sabini na minne, goti la chuma,
binti yake yuko Toulouse anauza miwani.
Shamba lake lilikuwa juu kule, mtelemkoni,
ambako trekta hupinduka na punda hakuna tena:
mizabibu ya bibi yake, mifupi,
imepinda kama vidole vya mwenye baridi yabisi,
shina zima likitoa zabibu za kujaza kofia tu,
na kofia hiyo ndiyo iliyokuwa ikituletea medali.
Bondeni, kwa wenye mabomba ya maji
na mavuno ya kufurika, hakuna aliyeng'oa hata shina.
Basi mvinyo haukupungua sana.
Ilipungua ladha.

Simlaumu. Nani angemlaumu?
Hela ya kung'oa ilizidi ya kuvuna miaka sita.
Baada yake Séverac, kisha mjane Boudet,
kisha ndugu wawili wa Cros, wasiosemezana tangu mirathi,
wakasaini kwa kalamu moja.

Lakini ile mashine ya kukamulia
hatukuikopea shina kwa shina, tuliikopa pamoja.
Dawa ya deni ni kulipa, sawa;
ila aliyeng'oa huondoka na mizizi yake,
na fungu lake la deni huota kwa jirani.
Tulikuwa mia moja kumi na wawili. Tumebaki thelathini na tisa.
Nimegawanya mara tatu, nikidhani kalamu imekosea.

Jana niliteremka kwa ngazi ndani ya tangi namba kumi na nne,
tochi mkononi. Ukutani ukoko unang'aa kama chumvi ya mawe.
Nikakohoa. Tangi likakohoa mara nne.
Jungu kuu, kweli, halikosi ukoko,
ila huu haushibishi mtu.

Jumapili Fulcran alitualika.
Kuni zilikuwa mashina yale;
moshi hayana, na makaa yake hukaa.
Akageuza nyama kimya, akatumiminia mvinyo wa dukani,
wa chupa ya plastiki, wa nchi ambayo hakujisumbua kulisoma jina lake.
"Nyama imeiva vizuri," nikasema.
"Shina la miaka mia," akasema. "Lazima."

Kisha akauliza, bila kunitazama,
kama mwakani nitahitaji mtu
wa kunisaidia kusoma mizani.