Zamu Yangu

Mkutano saa kumi.
Saa tisa na dakika ishirini ndipo nikakumbuka
kwamba leo zamu ni yangu,
taulo kichwani, hapa Chuno,
umeme umekatika tangu adhuhuri.

Wanawake kumi na mmoja wanakuja na madaftari yao,
mbele yao Bi Nankondya, mweka hazina,
yule anayetoza faini hata mtu akipiga miayo.

Nikafungua friza.
Ikanihemea usoni baridi iliyokwisha kuchoka.
Kipande kimoja cha nguru, hakitoshi kuficha aibu.
Barafu za ubuyu za mtoto wa jirani,
na hesabu yake anaijua.
Chini kabisa, limegandamana na ukuta,
fuko la mbaazi mbichi
alilolipakia shangazi Asilata kwenye basi la Nachingwea
mwezi wa saba, ndani ya ndoo, chini ya mihogo,
akimwusia kondakta kama anayesafirisha bibi harusi.

Alizimenya mwenyewe, jioni tatu,
kucha zikawa kijani.
Akazichemsha nusu.
"Zigandishe," aliniambia kwenye simu,
"siku ukiumbuka utanishukuru."
Nikacheka. Mimi niumbuke kwa lipi?

Nikalibamiza fuko sakafuni, mara mbili.
Zikaachana, zikalia kama changarawe koponi.
Maji ya chai yalikuwa yanatokota;
nikazimwaga humo humo.
Dakika nne.
Zikizidi hugeuka rangi ya sare za mgambo,
na nani atachovya sare ya mgambo?

Blenda ikanitazama, waya unaning'inia.
Nikavuta kinu, kile kidogo cha viungo:
punje tatu za saumu, chumvi,
pilipili moja iliyonyang'anywa mbegu,
konzi ya korosho, vile vipande visivyopanda meli,
vilivyovunjika wakati wa kubangua
na ndivyo vitamu,
muulize yeyote aliyekulia huku.
Kisha mbaazi, kidogo kidogo.
Nikatwanga, ila si kwa hasira.
Nyingine niliziacha na umbo lake
ili mlaji ajue amekutana na nani.
Ndimu. Nikaonja. Ndimu tena.
Mafuta ya alizeti: mkono ulitetemeka, yakazidi.
Basi.

Mama Likwata anakaanga muhogo barazani kwake;
nikamkopa sinia zima kwa maneno matupu.

Saa kumi kamili viatu vikajaa mlangoni.
Bi Nankondya akaketi, akalitazama bakuli,
akalitazama tena kwa miwani.
"Chai iko wapi?"

Nikaanza: unajua umeme, na mie nilikuwa,
halafu maji yenyewe...
Akanikata katikati:
"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua."
Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko.
Nikalisogeza bakuli mpaka magotini pake.
"Huu haukukosa, bibi. Chovya."

Akachovya kwa ncha ya muhogo,
kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto.
Akatafuna.
Akachovya tena, sasa kwa upana.
Hakuna aliyesema neno. Nilisikia muhogo ukivunjika,
nikasikia mikono ikigongana juu ya bakuli,
na Fatu wa duka la vitenge akiuliza kinaitwaje,
na wote wakinigeukia,
nami sikuwa na jina la kuwapa.

Akaandika daftarini: *Chai haikuwepo. Faini elfu mbili.*
Akafunga kalamu.
Akachukua kipande cha mwisho,
akalifuta bakuli mpaka likaonyesha maua yake.

Usiku umeme ulirudi.
Friza ikaanza kunguruma
ikilinda kipande cha nguru na barafu za watu.
Nikampigia shangazi.
"Leo nimeumbuka," nikamwambia.
Akakaa kimya kidogo.
"Uliziacha motoni dakika ngapi?"
"Nne."
"Basi hukuumbuka."