Kopo la Udongo

Mara ya kwanza nilipanda mitundu arobaini
nyuma ya bani, pale nilipokata mingine
kukaushia tumbaku.
Ikasimama kama vijiti vya mishikaki,
njano, kisha mikavu.

Mara ya pili nikatia mbolea ya mkopo.
Mvua ya Januari ikaizoa yote hadi bondeni,
ikaniachia deni.

Nyanzobe, muuza uyoga wa barabara ya Ipole,
hakunicheka.
Alifukua kwa kidole shinani mwa myombo uliosalia,
akainua jani bovu: chini yake
nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko utando wa buibui,
zimeivika mizizi soksi.

"Huyu ndiye mama wa uyoga wangu," alisema.
"Mti humpa sukari ya majani.
Yeye huenda mbali, mzizi usikofika,
hudaka rutuba kabla maji hayajaitorosha,
hurudi nayo. Na daftari hana."

Hilo la daftari liliniingia.

Nikabeba udongo ule kwa kopo la rangi,
konzi moja kila shimo,
nikijiona mjinga,
mtu mzima anayeitia ardhi hamira.

Kati ya arobaini ya safari hii, kumi na tisa imeshika.
Juzi, chini ya mmoja unaonifika magotini,
nimeona uyoga mdogo kama kifungo cha shati.
Sikuuchuma.
Nyanzobe akipita nitamwonyesha,
nimuulize pia
kuhusu ile ishirini na mmoja.