Mstari Mmoja

Afisa ustawi aliuliza, kalamu tayari:
"Mdogo wako alianza bangi lini?"
Nje, ukungu wa Juni umelala juu ya Newala
kama shuka ambalo hakuna aliyejisumbua kulitandua.
Nikasema, sijui. Mwaka jana. Labda
msimu ule korosho zilipolowa.
Akaandika: mwaka jana.

Hakuuliza habari za pampu.

Pampu ya baiskeli ya mwalimu Nangumbi.
Mfaume ana miaka kumi na mmoja,
ameificha ndani ya pipa la maji lililokauka
(maji kwetu hununuliwa, pipa kukauka si habari).
Mama akamchapa, pampu ikarudi,
mwalimu akasema watoto ndivyo walivyo.
Ndivyo walivyo. Nasi tukalala.

Wala habari za bakuli.
Mimi ni karani wa mizani pale chama cha msingi,
kilo naijua mpaka mgongoni,
lakini korosho za nyumbani kwetu zilitoka kwa bakuli,
usiku, kupitia dirisha la jikoni,
bakuli moja moja, kwenda kwa mzee Chitanda
anunuaye kangomba na kutoa zaka.
Nilipopima gunia la mama nikakuta pungufu,
nikasema jua limezikausha.
Hivyo ndivyo nilivyomlinda: kwa hesabu.

Kisha salfa. Mfuko mzima, shambani kwa watu.
Alirudi nyusi zimegeuka njano,
ananuka kama kiberiti kilichowashwa jana,
akaniambia alimsaidia rafiki kupulizia.
Miaka kumi na minne, sauti ndiyo kwanza inavunjika.
Shuleni alikuwa akienda siku anazotaka yeye.

Na moshi?
Moshi ulikuja mwisho.
Nimeyajua haya kwa kinywa chake mwenyewe,
katikati ya nondo za mahabusu,
akiongea upesi kama mtu anayerudisha deni:
kwamba siku moja mzee Chitanda hakuwa na chenji.
"Chukua hiki, kijana, kitakutoa baridi."
Msokoto mmoja, umefungwa kwa karatasi ya daftari,
"daftari la hesabu, dada, lile lenye vijumba,"
na kwamba usiku ule, kwa mara ya kwanza
tangu pampu,
alilala bila kuusikia moyo wake ukigonga.

Baada ya hapo, ndiyo, viliongozana:
kuvuta ili asiogope kuiba, kuiba ili apate kuvuta,
mpaka duka la Bi Atanasia, mlango umeng'olewa,
naye kakutwa mle ndani, amekaa juu ya kreti,
anakula biskuti.

Nilitaka kuyasema yote.
Lakini fomu ina neno "Chanzo", nukta mbili,
na mstari mfupi kama kidole gumba.
Afisa si mtu mbaya. Ana mafua, ana foleni,
benchi la nje limejaa akina mama
wanaosokota ncha za khanga.
Akaandika "Bangi". Neno likaenea vizuri,
hata nafasi ilibaki.
Nikatia sahihi.

Jioni, nyumbani, Ausi amefika kabla yangu.
Miaka tisa, magoti yana vumbi jekundu.
Nikamvuta, nikanusa kola, nywele, viganja.
Sabuni. Na ming'oko ya kuchemsha.
Nikamwachia, nikacheka hata,
nikainama kukoka moto.
Akaja kunimulikia.
Mwanga mweupe, mkali, wa tochi mpya
ambayo sisi hatuna.