Mizani ya Kabogo

Kazi yangu ni mizani. Si ya silabi,
ni ile ya chuma, nyuma ya gati,
sahani yake pana kama mlango wa kanisa.
Gwasa anakata kwa gesi, vijana wanabeba,
mimi naandika:
mlango wa jikoni, kilo thelathini na moja;
ngazi ya daraja la pili, themanini na nusu;
kipande cha ubavu, hakina jina, mia nne na kumi.

Watu wa Kibirizi hupita wakiniuliza,
hivi iliugua nini?
Haikuugua.
Ile nyingine, bibi yake kwa umri, bado inaelea,
imepakwa rangi hadi rangi yenyewe ndiyo ubavu.
Kabogo ilikuwa na miaka thelathini na miwili,
umri wa mtu anayejenga msingi wa nyumba.

Ilikufa kwa daftari.
Iliundwa wakati ng'ambo kunawaka,
watu wanavuka na magodoro kichwani;
ng'ambo kukatulia, watu wakarudi kwao,
vitanda vikabaki vimetandikwa.
Injini zake zilikunywa dizeli
kama harusi inavyokunywa soda.
Kiwanda cha pete za pistoni kikafungwa, huko mbali,
Kilahumba akazichonga mwenyewe
kwa tupa, kwa mate, kwa matusi.
Akaja mkaguzi na taa kichwani:
maboya pungufu, milango ya kuzuia moto hamna,
bima haitakubali.
Kisha lami ikafika Kasulu,
na basi la alfajiri halimngoji mtu hadi Jumatano.

Hesabu ilikuwa sahihi. Niliipitia mara mbili.
Ila lami haikufika Kalya.
Hesabu haikuwa na safu ya Kalya,
wala ya Buhingu, wala ya Sigunga,
ambako honi ikilia usiku wa manane
mitumbwi ilichomoka gizani, tochi mdomoni,
ikibeba dagaa, mananasi,
na mara moja, nakumbuka, mgonjwa juu ya kitanda chake,
kitanda kizima, na chandarua.

Jana Kilahumba alikuja, kavaa koti la kazi
lenye jina la shirika lililokwisha kubadili jina.
Hakulia. Aliuliza bei ya kilo.
Nikamwambia. Akacheka kwa pua.
Akapekua rundo, akatoa pete moja,
ile aliyoichonga mwaka wa mafuriko,
akaiweka katikati ya sahani, taratibu,
kama mtu anayeweka yai.
Mshale haukutikisika.
Tukautazama wote wawili, na Gwasa akazima moto wake akatazama.
"Basi haina uzito," nikasema, "siwezi kuiandika."
Akaitia mfukoni.

Alhamisi mabehewa matatu yanaondoka.
Kabogo, iliyozoea kuisubiri treni iliyochelewa,
sasa imo ndani ya treni iliyochelewa.
Itanusa chumvi ya Uvinza,
itavuka Malagarasi juu kwa juu, bila kulowa,
na Tabora wauza asali watayakimbilia mabehewa,
wataona chuma kitupu, watarudi kivulini.
Huko mwisho wa reli kuna tanuru.
Itatoka ikiwa nondo.
Pengine itarudi kwetu kwa lori, kwa ile ile lami,
imshikie zege mkandarasi wa stendi ya mabasi.
Chooni, ninavyomjua mkandarasi.

Usiku huu simu imeita, mtandao unakatikakatika.
Ni Butoyi, wa Kalya. Binti yake anakaribia siku zake,
mtoto kalala vibaya, mkunga amesema wampeleke Kigoma.
"Wewe uko gatini," anasema. "Honi tuisikilizie lini?"

Daftari liko wazi mbele yangu.
Ukurasa wa kumi na tisa, mwandiko wangu, wino wa bluu:
honi, moja, kilo kumi na tatu na robo.
Imepokelewa.

"Butoyi," nasema.
"Halo? Halo?" anasema yeye.