Mtoto wa Meza

Meza ya cherehani niliyoinunua duka la hisani,
Barabara ya Foleshill,
ilikuja na miguu minne na pengo moja:
mtoto wake hayupo.
"Kapotelea wapi?" nikamuuliza muuzaji.
Akapandisha mabega. Akanipunguzia pauni mbili.

Nikasema, basi nitamzaa mimi.

Kifaa ninacho: kimota cha mkononi, kinene kama tango,
zawadi ya Krismasi kutoka kwa wenzangu wa kazini
waliodhani ni cha kusugulia kucha.
Wiki nzima nilikipitisha juu ya ubao,
nacho kikaruka, kikateleza, kikachora njia ya mlevi.
Mfuo wa kupokea kitako cha mtoto
haukuweza kupokea hata wembe.

Ikabidi meza nyingine, ndogo,
ya kukining'iniza kifaa kichwa chini miguu juu,
ncha peke yake ichungulie tunduni.
Ya kwanza plastiki, pauni kumi na nne.
Rahisi ghali: nililaza rula juu yake,
mwanga ukapenya kama chini ya mlango.
Ya pili alumini, nzito, ya kujivunia,
ila hesi za shingo yake na za kifaa changu
hazikusalimiana.
Ya tatu niliiona gulioni, Jumapili,
nikiwa na Bwana Pargeter wa nyumba ya pili,
aliyefunga milango ya magari miaka thelathini na moja hapa Coventry
mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa.
Hakuuliza bei. Alizungusha shingo: mara nne, ikanyamaza.
Akausukuma kwa ukucha ule ukingo wa kuegemezea mbao.
"Huu ukicheza, achana nayo yote."
Haukucheza.

Jumamosi, bandani, mvua inaparuza bati.
Miwani. Nywele nimefunga. Pete nimeivua,
iko kikombeni pamoja na mambo yake.

Ncha inazunguka kinyume cha saa,
kwa hiyo ubao utoke kulia uende kushoto, upingane nayo.
Ukiifuata, utanyang'anywa.
Milimita moja. Zima. Pandisha. Milimita ya pili.
Mota hii si punda; ikilemewa hulia kwa harufu.
Vidole mbali, kijiti ndicho cha kusukumia.

Na ajabu, kifaa sasa kimetulia,
kinavuma kama nyigu chupani, kinangoja,
na msonobari ndio unaokwenda kuchanjwa,
umenyooka, vumbi lake lanukia limau.

Kipande cha nyuma nilikigeuza: mfuo ukatokea nje.
Nikacheka peke yangu. Nikakata kingine.

Jioni mtoto akaingia pengoni, akakwama nusu.
Nikamsugua mshumaa mbavuni.
Akaingia mzima, akatoka, akaingia.
Nimemtia vifungo, bobini, na ile pete.

Bwana Pargeter kaja kumtazama,
kama watu wanavyokwenda kumwona mzazi,
pakiti ya biskuti kwapani.
Akamvuta, akamrudisha, sikio karibu.
"Anakwaruza kidogo. Upande wa kushoto."
Nikamwambia najua.
Nikaenda kubandika chai.